Aliyeitwa Hewani

Hebu niambie, na usinizungushe: kompyuta yako sasa hivi inafanya nini? Siulizi unachokiona kwenye kioo, huo ni uso tu. Nauliza kule ndani: inafanya kazi ngapi, kwa amri ya nani, tangu lini? Hujui. Usione haya, hata waliosomea hawajui mpaka wakae chini waiulize. Asmahani alisomea, tena chuo kikuu, tena akafaulu vizuri, na wiki ikapita hajaiuliza. Sasa sikia kilichomkuta.

Alikuwa fundi mitambo wa Redio Zumari, ghorofani pale Usagara, juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Redio yenyewe ilibebwa na kompyuta moja. Muziki, matangazo ya biashara, adhana, tanzia, vyote vilipangwa humo kwa ratiba, na mashine ikavirusha hewani kila kimoja kwa wakati wake, watangazaji wawepo wasiwepo. Asmahani aliijua mashine ile kama mtu anavyomjua mbuzi wake. Kwa hiyo siku aliporudi kutoka kuswali adhuhuri akakuta feni yake inanguruma, na hewani kuna taarabu moja tu inayopigwa, alisimama mlangoni akaikazia macho. Taarabu moja haiitoi mashine jasho. Feni ilikuwa inahema kama mchukuzi aliyepanda ngazi na gunia la mchele.

"Vumbi," alijisemea, akaichukua brashi.

Vumbi halikuwapo.

Kesho yake Ruthi wa mapokezi alichungulia ndani ameziba pua kwa mtandio. "Dada Asma, nani kachoma udi huku kwenye mitambo?"

"Nani achome moto kwenye mitambo, Ruthi? Unataka tuungue?"

"Basi njoo usimame hapa nilipo. Halafu uniambie udi gani unanuka nywele zilizoungua."

Asmahani alikwenda akasimama. Akavuta pumzi. Akafungua dirisha.

Siku hiyohiyo Samiha alitoka studio akiwa amekauka koo.

Na Samiha, nikwambie, ndiye aliyekuwa redio. Wengine walijaza nafasi. Alikuwa na sauti ya kumfanya muuza chapati aiache chapati iungue. Alasiri akisoma salamu, mafundi wa baiskeli kule chini walikuwa wakiweka nyundo kando. Mwezi ule alikuwa amepata kazi kwenye kituo kikubwa Dar es Salaam, na kwao Chumbageni mama yake alishaanza kumfungia mizigo. Meneja, Abdulghani, mwanamume wa ndevu zilizochongwa na maneno yaliyopigwa pasi, alimpongeza mbele ya wafanyakazi wote. "Kama taasisi, tunaona fahari," alisema. Abdulghani hakusema "mimi" mahali palipo na nafasi ya kusema "taasisi". Kila asubuhi alikuwa na kipindi chake cha kuwaasa watu wa Tanga waachane na ushirikina, akikisoma kwa Kiswahili cha semina, wadau huku, changamoto kule, mpaka nadhani wachawi wenyewe walikuwa wakisinzia.

Koo la Samiha lilikauka, kisha likakwaruza, kisha sauti ikakatika katikati ya salamu za harusi. Daktari akamulika, akasema koo safi. Wa pili akasema hivyohivyo. Alipomwendea Asmahani chumba cha mitambo alikuwa ananong'ona, na mnong'ono wenyewe ulikuwa unamgharimu.

"Asma, usinicheke."

"Nikucheke kwa lipi, shoga? Keti."

"Nikifungua maiki..." Alipumzika. "Nikifungua maiki, kuna mtu anavuta pumzi kabla yangu. Pale nilipotaka kuvuta mimi. Nikivuta yangu, naikuta haipo."

Ungetegemea Asmahani aseme ni uchovu. Ndicho alichotaka kusema. Lakini macho ya Samiha yalikuwa yametumbukia ndani, na feni nyuma yake ilikuwa inahema, na udi ule wa nywele ulikuwa umerudi ingawa dirisha lilikuwa wazi. Alivaa hedifoni, akashusha sauti za maiki zote mpaka chini, akasikiliza studio ambayo haikuwa na mtu. Akasikia mtu anavuta pumzi. Ndefu, ya raha, kama ya mtu anayenusa chakula.

Alimrudisha Samiha nyumbani, akafunga mlango, akaiuliza mashine.

Kuna amri fupi, herufi chache tu, ukiiandika kwenye kioo cheusi mashine inakuanikia kila kazi inayotembea ndani yake: jina la kazi, namba yake, nani mwenye nayo, ilianza lini, inakula nguvu kiasi gani, na mzazi wake ni nani. Maana humo ndani hakuna kazi inayojizaa. Kila moja imeitwa na nyingine, na hiyo nayo imeitwa na nyingine, mpaka unafika namba moja, mama wa wote. Asmahani aliteremka na orodha. Hii ya muziki, hii ya adhana, hii ya mtandao. Katikati ilikuwapo moja iliyojiita "saa", kinyenyekevu, kama vile haina shughuli zaidi ya kutazama wakati unavyokwenda. Na hiyo saa ilikuwa inaila mashine karibu yote.

Mwenye nayo: asmahani.

Alilisoma jina lake tena, kama mtu aliyekuta tanzia yake mwenyewe.

Akaiua. Ndilo neno la mafundi hilo, sikulitunga mimi. Kazi isiyotakiwa huuawa. Ikapotea, akashusha pumzi, akauliza upya, na saa ilikuwapo palepale, na namba mpya. Akaiua. Ikarudi. Akamtazama mzazi wake: ratiba ya mashine yenyewe, iliyoamriwa kwamba huyu akifa, mwite tena. Ndipo akauliza swali ambalo alitamani baadaye asingeliuliza akiwa peke yake: kazi hii imeshika nini mkononi? Imeshika faili moja la sauti, fupi, linalorudiwa bila kikomo na kupelekwa hewani chini kabisa ya muziki, chini ya kiwango ambacho sikio la binadamu linashika. Kila taarabu, kila tanzia iliyotoka Redio Zumari wiki ile ilikuwa imetoka na kitu hicho kimejificha chini yake.

Akalipandisha sauti, akasikiliza.

Mtu ananong'ona. Na mnong'ono, nadhani unajua, unafanana kwa watu wote. Huwezi kuapa ni wa fulani. Maneno yalikuwa ya Kiarabu kilichochakaa kwa kupitishwa vinywa vingi, kisha yakageuka Kiswahili: njoo, njoo, njoo. Kisha jina, wala halikutajwa kwa ubini wa baba kama yanavyotajwa majina ya ofisini. Lilitajwa kwa mama, kama wanavyotaja wenye shughuli hizo. Samiha wa Mwanahamisi. Mshike, asituache. Njoo, njoo, njoo.

Hapo mtu mwenye akili angefanya nini? Angeita watu. Asingegusa kitu. Angetafuta nani aliingia kwa jina lile, lini, akiwa amekaa kwenye kompyuta ipi, maana mashine huyaweka yote hayo ukiyataka. Asmahani aliona jina lake pale na shahada yake yote ikamtoka. Alifuta sauti, akafuta agizo la ratiba, akafuta rekodi za walioingia na kutoka, akafagia mpaka pembeni, haraka haraka, kama mtu anayeosha damu asiyoimwaga yeye. Kisha akaiua saa mara ya mwisho. Haikurudi.

Feni ikanyamaza.

Na katika ule ukimya, ambao alikuwa ameutamani wiki nzima na sasa umekuja mkubwa kuliko chumba, aligundua kwamba kuhema kule hakukuwa kwa feni peke yake, kwamba feni muda wote ilikuwa imekifunika kitu kingine kilichokuwa kikihema nayo sambamba, na sasa kitu hicho kilikuwa kimebaki bila kifuniko, kinavuta na kutoa, kinavuta na kutoa, nyuma ya kiti chake, karibu kiasi kwamba unywele mdogo wa shingoni mwake ulikuwa ukilala na kusimama, ukilala na kusimama, mchana kweupe, jua linawaka dirishani na mafundi wa chini wanacheka.

Alitoka bila viatu.

Jioni alipigiwa simu kutoka Chumbageni. Samiha alikuwa ameanguka. Anapumua, mama yake alisema, lakini kama anaomba ruhusa.

Bi Hasina wa Mabawa alikuwa anauza barafu za ukwaju na kutibu wenye majini, na alikuwa na haraka katika yote mawili. Asmahani alimkuta asubuhi mbele ya televisheni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Sema upesi, hawa karibu wataoana, na yule bwana harusi mwenyewe tapeli."

Asmahani alisema upesi. Alipofika kwenye kufuta, Bi Hasina alizima televisheni.

"Ulimwuliza nani kamwita?"

"Nilifuta kwanza."

"Ulifuta kwanza." Bi kizee alimtazama juu ya miwani. "Mwanangu, weye ukimkuta mtu sebuleni kwako humjui, unaziba mlango alioingilia? Sasa unataka atokee wapi?"

"Nilidhani wito ukikoma, naye atakoma."

"Wito ni wa kumleta. Keshafika. Mie nikiletewa mgonjwa nauliza: jina lako nani, watoka wapi, nani kakutuma, wataka nini. Ndiyo nafukuza."

"Na mimi huiuliza mashine hayohayo, Bibi. Ndiyo kazi yangu."

"Mbona hukuuliza?"

Asmahani alitazama sakafu. "Kwa sababu lilikuwa jina langu."

Bi Hasina hakumpapasa kichwa wala nini. "Haya, tumeelewana. Wito huo naujua. Husomwa kwa kinywa, mara moja, mwenye kuita kakaa, chano kiko mbele yake: halua, tende, marashi. Mgeni akija anakuta kapangiwa. Huyu wenu kaitwa na kitu kisicho kinywa, mfululizo, hakipumziki. Akija hakuti mtu. Hakuti hata kokwa ya tende. Akigeuka arudi kwao, anaitwa. Ungekuwa weye?"

"Ningekuwa na hasira."

"Ana hasira. Na katika zogo lote hilo kapewa jina moja tu la mtu. Ndilo anakula."

Walifika redioni alasiri. Samiha aliletwa kwa bajaji, Ruthi akampandisha ngazi amemshika kiuno, mgonjwa amejifunga kanga mpaka kidevuni ingawa joto lilikuwa la kuyeyusha lami. Walimketisha studio, mahali pake pa kila siku. Abdulghani alisimama mlangoni mikono nyuma.

"Kama uongozi, tunatambua imani za watu. Lakini hii ni taasisi ya kisasa. Moshi kwenye mitambo ni changamoto ya kiusalama, na wadhamini wetu..."

"Baba, sogea," Bi Hasina alisema. "Waniziba upepo."

Hakuwasha hata ubani. Alisema umeshachomwa wa kutosha humu, na wote walikuwa wanaunusa, ule wa nywele. Alijifunga kanga kiunoni, akaketi kumwelekea Samiha, akatoa salamu kwa asiyeonekana, akasoma alichosoma kwa sauti ya chini. Hewani ilikuwa kaswida. Taa nyekundu ya maiki imezimwa.

"Jina lako nani, mgeni?"

Spika za studio, ambazo Asmahani alikuwa amezishusha kwa mkono wake mwenyewe mpaka mwisho, zilivuta pumzi.

"Mmeniita, mmesahau jina?"

Ilikuwa sauti ya Samiha. Ile nzuri, ile ya muuza chapati, imejaa, imenona, inatoka kwenye spika, na Samiha mwenyewe ameketi kinywa kimefumbwa, machozi yanamtelemka. Ruthi alianza kusali kwa kunong'ona, "Bwana Yesu, Bwana Yesu," akishindwa kufika mbele zaidi ya hapo.

"Wataka nini?" Bi Hasina aliuliza.

"Nimeitwa nikaja. Nimekuja sikukuta mtu. Nimeitwa nikaja sikukuta mtu nimeitwa nikaja..." Ilikwenda hivyo haikomi, haipumziki, kama ile sauti ilivyorudiwa ndani ya mashine, na kadiri ilivyokwenda kifua cha Samiha kilizidi kuzama.

"Nani kakuita?"

Marudio yakakatika. Kisha, taratibu, kwa utamu: "Asmahani."

Abdulghani ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. "Nilijua! Taasisi ilikuwa na mashaka siku nyingi. Wivu wa wanawake. Mtaalamu mzima!" Ruthi aliachia mkono wa Samiha akamtazama Asmahani, na katika mtazamo ule Asmahani alijiona kama walivyomwona wote.

"Nyamazeni," Bi Hasina alisema. "Jina ni nguo, yeyote anavaa. Mgeni, sauti iliyotumika kukuita ilikuwa ya nani?"

"Jina la mwanamke," spika zilijibu. "Pumzi yenye ndevu."

Kulikuwa na mwenye ndevu mmoja tu pale redioni. Asmahani alimgeukia.

"Nywila zetu zote ziko kwako, bosi. Ulizidai mwenyewe, kwa sababu za kiutawala. Na mimi ndiye niliyekufundisha kupanga vitu kwenye ratiba. Ulisema unataka kupunguza kazi za mikono."

"Una ushahidi?" Abdulghani alijibu. Sauti ilikuwa imara, lakini mkono ulikuwa umepanda wenyewe ukashika kidevu. "Tuone rekodi. Sisi ni watu wa sayansi. Leta rekodi."

Rekodi Asmahani alizifuta kwa mikono yake. Abdulghani alilisoma hilo usoni mwake, akatabasamu.

"Mie nikimtoa kwa nguvu," Bi Hasina alisema, hamtazami yeyote, "atatoka, na atatoka na alichokishika. Anayeweza kumruhusu akiachie ni aliyemwita, kwa kinywa chake. Tena aseme kwa njia aliyomwitia. Alimwita hewani. Aseme hewani."

"Upuuzi," Abdulghani alisema. "Bibi, upuuzi mtupu."

Samiha aliacha kupumua.

Hakikuwa kishindo. Kifua kilishuka, kikabaki huko. Spika zikaanza kumsomea salamu, kwa sauti yake mwenyewe, salamu za harusi ile iliyomkatikia, kutoka kwa mashangazi wa Pongwe, kutoka kwa wajomba wa Muheza, kwa furaha, na midomo yake ikaanza kugeuka rangi ya zambarau. Ruthi akapiga yowe. Asmahani hakupiga yowe. Alikata kaswida, akafungua maiki, taa nyekundu ikawaka, akamshika meneja wake kwenye mkono wa koti na kumburuta mpaka mezani, na mwanamume yule alikuwa mwepesi ajabu.

"Sema."

Abdulghani aliutazama ule mwanga mwekundu. Chini, kwa mafundi wa baiskeli, redio ilikuwa wazi; kila kikohozi chake kilisikika kikipanda kutoka mtaani. Akalamba midomo.

"Wasikilizaji wetu wapendwa. Kama taasisi, tunasikitika kuwataarifu kwamba kulijitokeza changamoto ya kiufundi ambayo..."

Samiha akageuza macho, yakabaki meupe. Kichwa kikaanguka nyuma.

"Si hivyo!" Asmahani alisema.

"Kulifanyika kosa," Abdulghani akasema haraka. "Kosa lilifanyika, na waliohusika..."

"Nani?" Bi Hasina aliuliza. "Kosa halina miguu. Nani?"

"Tuli... Nili..." Neno lilimkwama kama mwiba wa samaki. Jasho lilimdondoka ndevuni likalowesha meza. "Nilikwenda kwa mganga."

Kifua cha Samiha kikapanda. Kidogo, kama pazia linaloguswa na upepo, kikasimama tena. Wote waliona. Abdulghani naye aliona. Spika zilikuwa zimenyamaza, lakini unyamavu wenyewe ulikuwa umemwinamia, nywele zake za kisogoni zilikuwa zikilala na kusimama, na alijua, maana alianza kulia kama mtu asiyezoea kulia, kwa kelele, akiishika maiki kwa mikono miwili huku Tanga nzima inasikiliza.

"Nilikwenda mimi. Mimi ninayewaambia kila asubuhi msiende. Samiha akiondoka hakuna anayefungua redio hii, na kipindi changu mnakisikiliza kwa sababu mmesahau kuzima. Nilitaka asiondoke."

Pumzi. Nyingine.

"Mganga aliniambia nimwite kwa kinywa changu, mara moja, niweke chano, nikae nimpokee akija. Niliogopa kukaa naye. Nikaona kuna mashine. Nikarekodi, nikaingia kwa jina la Asmahani, nikaiambia imwite badala yangu na isiache. Nilimsikia alipokuja. Nilikuwa ofisini kwangu, nilimsikia anapita mlangoni anatafuta mwenyeji, nikazima taa nikajifanya sipo." Aliinua uso, si kwao, kwa kile kilichokuwa kimemwinamia. "Niko hapa. Mwachie. Mimi ndiye niliyekuita." Samiha akavuta pumzi ndefu, na hakuna aliyeivuta kabla yake.